Gari la Mwalimu Yoramu

Mwalimu Yoramu Ndahani alikuwa mtu wa maneno. Alifundisha Historia miaka ishirini na miwili katika shule moja ya sekondari hapa Dodoma, na wanafunzi wake walisema kengele haijawahi kumkuta amemaliza sentensi. Jumapili alisoma matangazo kanisani, na wazee wa kanisa walinong'onezana kwamba matangazo yanayazidi mahubiri kwa urefu. Siku aliponunua gari, kigari cheupe cha Kijapani chenye kiti cha nyuma cha kutosha watu wawili na nusu, alilizungusha mitaa yote ya Miyuji kioo kikiwa wazi, akisalimia hata asiowajua.

Mkewe, Devota, alikaa kushoto kwake siku hiyo, mkoba mapajani, na hakuwahi kutamani kukaa upande mwingine. Yeye ni karani wa masjala katika wizara moja kule Mtumba, mtu wa mafaili na sauti ya chini, mzaliwa wa Sumbawanga aliyeletwa Dodoma na kazi. Gari aliliona kuwa jambo la mumewe. Kila asubuhi kabla ya chai Yoramu alifungua boneti, akachungulia, akafuta kitu kwa kitambaa, akafunga. Devota alimwona kupitia dirisha la jikoni na hakuwahi kuuliza anachungulia nini.

Mwezi wa nne mwaka jana Yoramu alianguka bafuni. Kiharusi. Aliporudishwa nyumbani baada ya wiki tatu, mkono wa kulia ulining'inia, mguu wa kulia ulikuwa wa kuburuta, na kati ya maneno yote aliyokuwa nayo mtu yule lilibaki moja tu.

"Haya," alisema alipotaka maji.

"Haya," alisema alipoukataa uji.

Alisema "haya" huku akilia alipoona picha ya binti yao Yudith, aliyekuwa bweni Mpwapwa akijiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Daktari alimweleza Devota kwamba akili yake ni nzima. Anaelewa kila kitu, ila njia ya kutolea maneno ndiyo iliyoharibika. "Msiongee naye kama mtoto," daktari alisema. "Na msimmalizie sentensi." Devota aliitikia kwa kichwa, akajiuliza ni sentensi ipi atakayommalizia.

Gari likafunikwa turubai. Mara mbili kwa juma walikwenda hospitali kwa mazoezi ya viungo, na walikwenda kwa bajaji. Siku moja ya mwezi wa nane bajaji iliruka tuta, na Yoramu, ambaye mkono wa kujishikilia upande ule hana, akateleza kutoka kitini hadi sakafuni, miguu ikabaki nje inagusa lami. Devota alimshika kwapani akavuta. Hakuweza. Alivuta tena, kiatu cha mumewe kikatoka. Ilibidi dereva na mpita njia mmoja wambebe, naye akabaki amesimama na kile kiatu mkononi. Kesho yake aliomba ruhusa kazini akaenda kujiandikisha katika chuo cha udereva. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Wenzake darasani walikuwa vijana wa chuo kikuu. Wao walikariri alama za barabarani wakitafuna karanga. Devota alizinakili zote kwenye daftari, kwa mwandiko wa masjala, na bado usukani ulipofika mikononi mwake vitu vyote vilimtoka. Mwalimu wake, mzee mmoja mpole, alimwambia, "Mama, legeza mabega. Gari halikuchukii." Lakini yeye aliona linamchukia. Alifeli kurudi nyuma mara mbili, ya tatu akapita, akapewa leseni, na siku aliyoondoa turubai na kuwasha gari kwa mara ya kwanza, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye dashibodi ikasema maneno ya Kijapani.

Sauti ile ilikuwapo tangu gari linunuliwe. Hakuna aliyejua inasema nini. Zamani Yoramu aliijibu, "Asante mama, nawe pia siku njema," na Yudith alicheka kila mara. Sasa yeye na Yoramu, aliyeketi kushoto kwake, waliisikiliza hadi ilipomaliza, na Devota akatia gia.

Aliendesha shingo ikiwa imenyooka mbele kama anachungulia kisima. Kwenye mzunguko alizunguka mara tatu kwa kuogopa kutoka, wa nyuma wakampigia honi, akatoka pasipo pake, wakafika hospitali kwa njia asiyoijua. Bodaboda ilipokatiza, Yoramu alisema "Haya!" na mguu wake mzima ukakanyaga sakafu pasipo na breki. Taa ilipokuwa ya kijani alisema "Haya!" Mtoto alipokaribia barabara, "Haya!" Devota hakuweza kuitofautisha moja na nyingine. Kila ilipotoka ilimchoma kama ameambiwa amekosea, akazidi kukaza mikono.

Jambo moja alilifanya kwa uhakika. Mzee wa chuo cha udereva alisema dereva asitoke nyumbani bila kukagua maji. Devota alifungua boneti, akakuta chombo cheupe cha plastiki ambacho maji yake yamepungua, akakijaza hadi shingoni. Tangu hapo akafanya hivyo kila safari. Yoramu alimtazama kutoka kibarazani, akiwa kwenye kiti chake, akasema, "Haya."

"Umeona eeh?" Devota alimjibu, akijifuta mikono. "Na mimi najua."

"Haya," Yoramu alisema tena, akainua mkono wa kushoto. Devota alimpungia.

Mama yake Yoramu, Bibi Loisi, anaishi Kibaigwa, nyuma ya soko la mahindi. Miguu yake huvimba, hawezi kukaa kwenye basi, na tangu mwanawe aanguke hakuwa amemwona. Alipiga simu kila Jumapili. Devota aliweka simu sikioni kwa Yoramu, na Bibi Loisi akaongea mfululizo, bila kumwachia nafasi ya kujibu, kwa Kigogo, lugha ambayo Devota hajapata kuielewa zaidi ya salamu, na machozi ya Yoramu yakatiririka upande mmoja wa uso. Mwishoni bibi alimtaka mkwewe. "Devota mwanangu," alisema kwa Kiswahili, "gari si mnalo? Sasa mnangoja nini? Mnangoja mje kunizika?"

Hilo ndilo lililomtoa. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, jua likiwa kali na vumbi la kiangazi limeifanya milima yote kuwa na rangi moja, Devota alijaza maji, akamfunga Yoramu mkanda, akaweka mto upande wa mkono uliokufa, akashika barabara ya Dar es Salaam. Hakuwa amewahi kuendesha kwenye barabara kuu. Alijiambia kwamba ni kama kwenda kazini Mtumba kwa daladala, ila unaendelea.

Karibu na Chamwino askari wa barabarani alimsimamisha. Alikuwa kijana, kofia nyeupe safi.

"Shikamoo mama. Gari lina tatizo?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu."

"Mbona unakwenda kilomita thelathini? Nyuma yako kuna foleni ya malori."

"Ndiyo mwendo wangu."

Askari aliinama akamwona Yoramu. "Shikamoo mzee."

"Haya," alisema Yoramu.

Kijana alitazama ule mkono uliolazwa juu ya mto, akarudisha leseni aliyokuwa amepewa bila kumaliza kuisoma. "Jitahidi basi ufike hata sitini, mama," alisema. "Ukienda polepole hivi wataku-overtake vibaya."

Devota alijitahidi. Alifika hamsini, akafika sitini, na gari zima likawa linatetemeka, au ni yeye aliyekuwa akitetemeka, hakujua. Malori ya kwenda kupakia mahindi yalimpita yakimvuta kwa upepo wake. Macho hakuyaondoa kwenye mstari mweupe. Katika kigari kile vioo vya vipimo havipo mbele ya dereva. Vimewekwa katikati ya dashibodi, karibu na abiria kama vilivyo karibu na dereva.

"Haya," alisema Yoramu.

"Najitahidi, Baba Yudith."

"Haya. Haya."

Akaona anaambiwa aongeze mwendo, kama alivyoambiwa na askari. Akaongeza. Kulikuwa na mlima mrefu mbele, na gari likapanda likiguna.

"Haya! Haya! Haya!" Yoramu alianza kupiga dashibodi kwa kiganja cha kushoto. Uso ulikuwa umemvimba mishipa. Nyuma yake lori lilikuwa limejaa kioo chote. Mara Yoramu akajisokota kwenye mkanda, akamshika mkono wa gauni akavuta, gari likayumba kuelekea katikati ya barabara, na lori lililokuwa likija mbele likapiga honi ndefu iliyowapita kama ukuta.

"Nyamaza!" Devota alipiga kelele. "Utatuua! Kaa kimya, niache niendeshe!"

Katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kumwambia mume wake neno hilo. Yoramu aliachia gauni. Akaurudisha mkono wake mapajani, akageuza uso dirishani, na hakusema tena kitu.

Devota aliendesha. Alitaka kumwomba radhi, lakini kuongea na kuendesha kwa pamoja hakuviweza. Alisema moyoni, nitamwambia tukifika. Wakaenda hivyo labda dakika kumi, kimya, na kimya kile kikampa hata ahueni kidogo, jambo ambalo baadaye lilimuumiza kuliko mengine yote. Kisha gari likaanza kupoteza nguvu. Alikanyaga mafuta, likazidi kulegea. Harufu ya kitu kinachoungua ikaingia ndani, moshi mweupe ukatoka pembeni mwa boneti, kukawa na mlio kama wa vijiko ndani ya kopo, halafu hakuna mlio wowote. Gari lilijikokota hadi pembeni ya lami likasimama lenyewe.

Hakujua la kufanya kwanza. Alimfungua Yoramu mkanda, akaufunga tena. Alitoka, akarudi kuchukua simu, akaona hana wa kumpigia anayeweza kufika pale. Alivunja matawi ya miiba akayapanga barabarani nyuma ya gari kama alivyoona wengine wakifanya, yakamchana vidole. Ndani ya gari joto lilikuwa la tanuri, na Yoramu hakuweza kutoka bila watu wawili. Devota alifungua milango yote minne, akasimama upande wa jua ili kivuli chake kimwangukie mumewe.

Magari yalipita. Lori la kumi au la kumi na moja ndilo lililosimama. Dereva alikuwa mtu wa makamo, mnene, kandambili miguuni, akajitambulisha kwa jina la Ambokile, anatoka Mbeya, anakwenda Kibaigwa kupakia. Aliinua boneti kwa kitambaa, akangoja moshi upungue, akatazama kwa muda mrefu.

"Dada, mara ya mwisho kuweka maji ni lini?"

"Leo asubuhi. Naweka kila safari."

"Unaweka wapi?"

Devota alimwonyesha. Ambokile alitazama kile chombo cheupe kilichojaa hadi shingoni, kisha akamtazama yeye, na sauti yake ikashuka. "Dada yangu, haya ni maji ya waipa. Ya kuoshea kioo. Ya injini ni huku." Akagusa kifuniko kingine, kikavu, chenye kutu ya kahawia pembeni. "Humu hamna hata tone."

Devota aliinama akakitazama.

"Lakini lazima iliwaka taa nyekundu," Ambokile aliendelea. "Gari hizi huwasha taa mapema. Ukisimama hapo hapo, ukaliacha lipoe, haliharibiki. Hukuiona taa?"

Devota aligeuka. Kupitia kioo cha mbele alimwona Yoramu amekaa pale pale alipomwacha, anawatazama. Alikuwa amesikia kila kitu. Upande wa uso wake uliobaki na uhai ulikuwa umelowa. Devota akajua kwamba taa iliwaka, na aliyeiona aliiona mapema, akasema kwa neno alilonalo na kwa mkono alionao, mpaka alipoamriwa kunyamaza.

Alimwendea, akapiga magoti kwenye kokoto kando ya mlango. "Baba Yudith," alisema, "ulikuwa unaniambia." Yoramu aliweka mkono wa kushoto kichwani kwake, juu ya kilemba, ukakaa hapo ukiwa mzito. Ambokile alijifanya anatafuta kitu kwenye lori.

Kitu chenyewe kilikuwa kamba. Kibaigwa ilikuwa imebaki kilomita kama kumi na tano, na Ambokile akasema atawavuta. Walijaribu kumpandisha Yoramu kwenye kabini ya lori, lakini ngazi zake zilikuwa juu mno kwa mguu ule, ikabidi abaki kwenye gari. Ambokile alimweleza Devota akiwa ameinama dirishani.

"Injini imekufa, kwa hiyo usukani utakuwa mgumu, na breki ngumu zaidi. Kanyaga kwa mguu wote. Usinitazame mimi, tazama kamba. Ikilegea, kanyaga breki. Usipokanyaga unaingia chini ya lori langu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, kaka."

Hakuwa ameelewa chochote ila mwisho. Lori likaondoka, kamba ikakaza, kigari kikaruka mbele, nao wakaanza kwenda kwa mwendo wasiouchagua. Mbele yake palikuwa na bodi la lori na vumbi tu. Hakuona barabara, tuta, wala kona. Aliushika usukani kama mtu anayeshikilia mlango unaosukumwa. Lori lilipopunguza mwendo, hakuiona kamba ikilegea mpaka ilipokuwa imelala chini, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili na bado pua ya gari ikasimama shubiri moja tu kutoka kwenye kile chuma. Akaanza kulia kwa sauti, macho yakaingiwa na ukungu, na lori lilikuwa linaondoka tena.

Ndipo mkono wa Yoramu ulipoinuka. Aliunyoosha mbele ya kioo, kiganja wazi. Devota alikanyaga, na kamba ilikuwa kweli imeanza kulegea. Mkono ukashuka, akaachia. Ukainuka, akakanyaga. Wakaenda hivyo kilomita zote zile, yeye hatazami tena kamba wala lori, anatazama mkono ule tu, ambao ulipofika mwisho ulikuwa ukitetemeka kwa uchovu, naye hakuwa na mkono wa ziada wa kuushikiza.

Bibi Loisi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba tangu asubuhi. Aliona lori likiingia uchochoroni, kisha kamba, kisha gari la mwanawe. Watu wa soko wakajaa. Wanaume wawili walimtoa Yoramu wakamkalisha kwenye kiti mbele ya mama yake, na bibi akamshika mashavu yote mawili, lililo hai na lisilo hai, akamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa."

"Mbukwa," alisema Yoramu.

Lilitoka wazi, lote. Devota, aliyekuwa amesimama na mto mkononi, aliuangusha chini. Kwa miezi sita alikuwa amekaa mbele ya mtu huyu na kitabu cha picha alichopewa hospitali, akimwambia sema ndizi, sema kikombe, sema Devota.

"Mbona anasema?" Bibi Loisi aligeuka kumtazama. Hakuwa mkali, alishangaa tu. "Mliniambia hasemi."

"Hakuwa anasema, mama."

"Huenda hamkumsalimu."

Devota aliokota mto akaukung'uta vumbi.

Maneno mengine hayakuja. Bibi alijaribu mchana kutwa kwa Kigogo, Yoramu akarudia "mbukwa" mara tatu au nne, mengine yote akayajibu kwa lile neno lake la siku zote. Geofrey, fundi wa jirani na soko, alikuja akafungua injini, akasema imenoki, haitengenezeki, itafutwe nyingine. Jumapili jioni Devota alitakiwa kurudi mjini kwa ajili ya kazi. Yoramu hangeweza kupanda basi, kwa hiyo akabaki kwa mama yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanguke kulala nyumba tofauti na mkewe, na Devota alimwandikia Bibi Loisi karatasi ndefu ya dawa na saa zake, huku akijua kwamba bibi hasomi.

Injini nyingine ilipatikana baada ya wiki saba. Geofrey aliifunga, kisha akamsimamisha Devota mbele ya boneti kwa saa nzima, akamwonyesha maji ya injini ni wapi, oili ni wapi, taa ipi ni ya nini, na hakumcheka. Devota alilizungusha gari hadi mlangoni kwa bibi, akapanga mto, akamfungulia Yoramu mlango. Yule fundi na jirani mmoja walimwinua wakamfikisha. Yoramu alishika fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto na hakuiachia. Walipomsukuma taratibu aliishika kwa nguvu zaidi, hadi kucha zikawa nyeupe.

"Unaogopa gari?" Devota alimuuliza kwa sauti ya chini. "Au unaniogopa mimi?"

Alimtazama, midomo ikahangaika kutafuta, ikakosa.

"Mwache kwanza," alisema Bibi Loisi kutoka kigodani. "Yuko kwao."

Devota alirudi Dodoma peke yake. Tangu siku hiyo huenda Kibaigwa Jumamosi moja kila wiki mbili, na sasa anafika hadi sabini bila kutetemeka. Humpeleka Yoramu dawa na magazeti, humsomea, humkata kucha. Mara tatu amefungua mlango wa kushoto na kungoja. Mara tatu Yoramu amebaki kitini pake kivulini, akilitazama gari na kumtazama yeye, na hakuna aliyeweza kusema kama anakataa kwa leo tu au anakataa moja kwa moja. Devota hula ugali na mlenda na mama mkwe wake, huosha vyombo, na ikifika saa kumi huanza safari ya kurudi, kwa sababu taa za malori bado hazimudu gizani.